Aliyekanyaga Breki

Gurudumu la kushoto lilikuwa la moto. Onesmus aliligusa asubuhi alipofungua gereji pale Al-Sulay, Riyadh, akaurudisha mkono haraka. Karavani yenyewe, kuukuu kumzidi yeye umri, ilikuwa imekaa juu ya jeki tangu bosi ailete kutoka Jeddah. Haikuwa imesogea, na bado ilinuka lainingi za breki zilizoungua, na chini ya harufu hiyo, udi.

Hakufikiria majini. Alimfikiria Justus.

Wawili hawa walikuwa Wakenya pekee katika gereji ile, walilala chumba kimoja, na tangu karavani ifike walikuwa wakivutana juu ya breki zake. Justus alitaka zibaki zile za dramu, zibadilishwe lainingi tu. Onesmus alitaka za diski, zinazosukumwa kwa mafuta, kwa kuwa bosi alipanga kuivuta karavani mpaka Jeddah na familia nzima, na kule Taif barabara huteremka mlima kwa kona ambako dramu hupata moto zikasahau kazi. Tena Damaris, dada yake mdogo, alikuwa mfanyakazi wa nyumbani kwa bosi huyohuyo, na madam, mke wa bosi, alishaamua: gari litajaa watoto, Damaris atasafiri ndani ya karavani na masufuria.

Onesmus alimwomba bosi abadilishe.

"Mafi mushkila, hakuna shida," bosi alisema. "Si wewe ndiye dereva? Weka breki nzuri."

Diski zikafungwa. Gurudumu la kushoto likakaza lenyewe. Alifungua, akasafisha, akafunga upya, likakaza tena. Ndani ya karavani akasikia mtu anaburuta ndara. Alipochungulia hakuona mtu, ila godoro lilikuwa na bonde, la mtu aliyetoka kulala.

"Justus, unachezea kazi yangu?"

"Mimi? Nitoe wapi hiyo time, bana?"

"Ulitaka dramu, ukakataliwa. Sasa unaniharibia. Dadangu ndiye atapanda hapo!"

Justus alishusha sauti. "Hata mimi nasikia kitu huko ndani. Nilinyamaza juu mngenicheka."

"Kikulacho ki nguoni mwako," Onesmus alimjibu. Mtu akishaamua kumshuku mwenzake, methali hazimwishi.

Hata hivyo, kutoa hewa kwenye breki ni kazi ya watu wawili. Mmoja huketi garini akikanyaga pedali, mwenzake hulala chini akifungua kiskurubu ili mafuta yatoke na hewa yake. Hawaonani, husikizana tu, na sheria yao ni moja: wa juu haachii mpaka wa chini aseme. Kwa hiyo alasiri ile, bila kutazamana, Justus alipanda gari la bosi, ambalo pedali yake ilikwisha kuunganishwa na breki za karavani, na Onesmus akaingia chini ya karavani.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Achia!"

"Nimeachia."

Gurudumu la kulia likaisha. Onesmus akajivuta mpaka la kushoto.

"Kanyaga! Shika hivyo hivyo!"

"Nimeshika."

Sauti ilikuwa ya chini, akadhani Justus bado amenuna, akafungua kiskurubu, na mafuta aliyoyamimina mapya kutoka kwenye chupa yakatoka meusi, yenye joto la mwili, yananuka udi mpaka macho yakamtoka machozi, na alipogeuza shingo apate hewa aliona viatu vya Justus vikija kutoka upande wa lango, taratibu, na Justus mwenyewe ameshika vikombe viwili vya chai ya kutafuta suluhu.

"Onesmus, unaongea na nani? Si nilikwambia naenda kuleta chai?"

"Nimeshika," sauti ilirudia. Ilikuwa ya mwanamke, na ilitoka ndani ya karavani, juu ya kifua chake.

Alitoka pale kwa magoti na viwiko.

Justus, aliyeitwa mharibifu siku hiyohiyo, ndiye aliyekwenda kumwita Maalim Bwanaheri, mtu wa Lamu aliyekuwa dereva katika ghala la jirani, anayejua kusomea majini. Maalim alisikiliza yote, kisha akauliza jambo moja.

"Ulimwambia aachie?"

"Sikumwambia. Nilikimbia."

"Basi, mwanangu, umemwajiri."

Alisoma juu ya maji, akayanyunyiza mlangoni na kwenye magurudumu, akamwamuru Onesmus aseme. Onesmus akasema, "Achia." Gurudumu likazunguka kwa kidole. Alimkumbatia Justus akamwomba radhi, lakini Maalim hakufurahi.

"Ametii upesi mno. Asiyebishana ana haja yake. Dadako asipande humo."

Onesmus alirudi kwa bosi kumwombea dada yake, akaenda na kwa madam. "Halas, yameisha!" madam alisema, na ikama zao zote mbili, vile vibali vya kuishi nchini, zilikuwa kabatini mwake.

Kwenye mteremko wa Taif breki zilikuwa tamu kuliko alivyotarajia. Katikati ya mlima pedali ikalegea, ikaenda mpaka chini bila uzito. Gari halikukimbia. Kitu kule nyuma kililizuia.

Alimpigia Damaris, simu sikioni, bosi akisinzia pembeni.

"Uko sawa?" alinong'ona.

"Niko sawa, kaka. Nilikuwa naogopa, lakini huyu mama amenishika mkono."

"Mama gani?"

"Si wewe ndiye umempa kazi? Anasema breki amezishika yeye. Kule Jeddah waajiri wake walikuwa wanamlaza humu, wakamwacha peke yake mpaka mwisho wake."

Onesmus alikanyaga tena. Hakuna kitu. Kona ilikuwa inakuja, na ng'ambo yake anga tupu.

"Mwambie asiachie. Damaris, mwambie!"

"Nimemwambia. Anasema hataachia nikikubali kukaa naye."

"Usikubali! Unasikia? Usimjibu kitu!"

Gari likapunguza mwendo pole pole, likaingia konani vizuri kabisa. Nyuma yake watoto walikuwa wanaimba.

"Kaka," Damaris alisema, "hao watoto nimewalea mimi. Nimeshakubali."