Alama za Chaki Mlangoni kwa Suzana

Hii sikusimuliwa na mtu. Aliyenifanyia ni Suzana, mdogo wangu wa tumbo moja, niliyemlipia chuo cha ualimu kwa jasho la cherehani yangu.

Mimi ni fundi nguo. Tulikuwa majirani Bombambili, hapa Songea, na kila Ijumaa Suzana alikuwa akiniletea vipande vya chaki vilivyobaki darasani. Vingine nilichorea vitambaa kabla ya kukata. Vingine nilisaga nikamwagia doa la mafuta kwenye nguo ya mteja, na asubuhi nikipangusa, mafuta yote yamenyonywa. Na kopo la sukari nilikuwa nalizungushia mstari, maana sisimizi hawavuki chaki. Kila mama mtaani kwetu anajua hilo.

Mwaka juzi Suzana alifiwa na binti yake, Rosemary. Tukamzika kwa wazee, Madaba. Akabaki na mwanawe Leo tu, mtoto wa miaka mitano. Kila mwezi alimsimamisha kwenye fremu ya mlango, akachora alama ya chaki juu ya kichwa chake aone amerefuka kiasi gani. Wazazi wengi hufanya hivyo.

Baadaye mtoto akaanza kudhoofika. Hospitali walipima damu, wakapima kifua, hawakuona kitu. Nilimpelekea uji wa ulezi kila siku, huku nikilia njia nzima.

Jumamosi moja mchana Suzana alienda sokoni, nikabaki na mtoto pale mlangoni. Nikaziangalia zile alama. Kila moja ilikuwa na mwezi wake. Ya Januari ilikuwa juu. Ya Machi ilikuwa chini yake. Ya Juni ilikuwa chini kabisa. Nikamsimamisha Leo. Kichwa chake kikaishia kwenye ile ya Juni.

Mungu wangu! Mtoto alikuwa anapungua.

Na sisimizi walikuwa wamejaa juu ya zile alama. Walikuwa wanailamba chaki.

Nikaingia chumbani kwa Suzana. Nikafungua kabati. Ndani ya mlango wake kulikuwa na alama nyingine, na hizi zilikuwa zinapanda. Ya Januari ya mwaka huu chini. Ya Juni juu. Pembeni pameandikwa Rosemary. Kwenye ya juu kabisa ulinasa unywele mmoja. Nikaugusa. Ulikuwa bado na mafuta ya kupaka.

"Umeona," sauti ikanong'ona mgongoni kwangu. Suzana alikuwa amesimama na kikapu chake.

"Suzana, umefanya nini?"

"Chaki ukiisaga ukaikoroga na maji inaganda upya, dada. Yangu nimeikorogea udongo wa kaburini."

"Huyu Leo ni mwanao!"

"Na Rosemary ni wa nani?"

Nilimtazama nisimjue. Nimemlea yule. Nimelala njaa ili yeye ale, nimevaa viraka ili yeye avae sare, na mimi ndiye niliyekuwa nakorogea mwanawe uji huku yeye ananitazama tu. Uchungu ule sina pa kuupeleka.

Nikambeba mtoto. Nilijua Suzana atapiga kelele, atanirarua. Wala! Alinisindikiza hadi mlangoni, akiwa mpole kabisa. Nilipoegemea fremu nivae kandambili, nikahisi mkono wake ukipita juu ya utosi wangu.

"Mchukue tu, dada," akasema. "Sina neno."

Nikadhani ananiaga. Mjinga mimi.

Stendi, nilipovua kilemba nijifute jasho, nikakuta kina mstari mweupe. Nikaukung'uta. Fundi hakosi chaki mwilini.

Sasa tuko Mbesa, kule Tunduru, nimefungua cherehani yangu huku. Leo anakula hadi anaramba sahani. Amenenepa, amerefuka, kaptula zote zinambana, na ananiita mama mkubwa kwa sauti ya kujaza nyumba. Kwa hilo namshukuru Mungu. Suzana hajapiga simu hata mara moja kumuulizia mwanawe. Nilikuwa nashangaa, mama gani huyu asiyedai mtoto wake.

Jumapili iliyopita nilivaa gauni langu la kanisani, nililolishona mwenyewe kwa kipimo changu, liishie kwenye kifundo cha mguu. Likaburuza sakafuni. Nikalivua, nikachukua tepu, nikalipima mara tatu.

Gauni halijaongezeka hata inchi moja.