Sikio la Kushoto

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Naanza na hilo ili msipoteze muda kumtafuta mwingine.

Christa, mchumba wangu, alikuwa amesimama katikati ya atelye, karakana ya uchongaji, pale chuoni kwetu. Mkono mmoja ameshika kitambaa kikavu, mkono wa pili vipande vya sikio. Lilikuwa sikio la udongo, lakini kwa alivyolishika ungedhani ni la mtoto wake.

– Valéry, hii kitambaa mbona imekauka?

– Jua, sha. Jua ya wiki hii unaijua.

– Kabla niende Ruziba nilikuomba nini?

– Kumwagia maji.

– Ukamwagia?

Nikatazama dari. Dari ya atelye yetu haina chochote cha kutazama, lakini siku hiyo niliitazama vizuri sana.

Kwa asiyejua: kichwa cha udongo ambacho bado hakijaiva ni kama mgonjwa wa homa, kinataka kitambaa chenye maji asubuhi na jioni. Kikikauka kabla ya wakati, kinapasuka. Na sisi wanafunzi wa sanaa tuna sheria yetu: kitambaa cha mwenzako unakilowesha, hukifunui. Kukifunua ni sawa na kusukuma mlango wa mtu anayeoga.

Christa alikuwa anamalizia kazi yake ya diploma, ile ya kuonyeshwa mbele ya jury, yaani walimu watahini. Udongo alikwenda kuuchimba mwenyewe Buterere, pembeni ya mashamba ya mpunga, akaubeba mpaka chuoni. Kisha familia ikamwita Ruziba, dada yake anatolewa mahari. Akaniachia kichwa, akaniambia: "Usifunue. Nakujua."

Nilifunua jioni ile ile.

Kilikuwa kichwa cha mwanaume aliyeinama. Uso bado ni donge tupu, lakini nyuma kazi imekwisha: kisogo, shingo, masikio mawili. Na juu ya sikio la kushoto kuna penseli, penseli ya kweli kabisa.

Sasa, chuoni kwetu mwanaume wa penseli sikioni ni mmoja, Darius, yule mwenye ndevu za kunyoa kwa rula. Mimi? Mimi penseli zangu hupotea. Kila siku natafuta penseli, darasa lote linajua.

Nikarudisha kitambaa, nikaacha ndoo pale pale. Nikasema moyoni, Darius anywe maji kwao.

Christa akanitumia ujumbe kutoka Ruziba: "Chéri, umemwagia?"

Nikajibu: "Ndiyo chérie. Maji mengi."

Baadaye akanipigia Darius mwenyewe.

– Valéry, niko atelye. Kichwa ya Christa inaanza kupasuka.

– Ni kichwa yako, mwagia mwenyewe.

– Yangu namna gani?

Nikakata simu. Darius, ambaye ni mtu mwema kuliko mimi, akakimbilia ndoo, akatupa kitambaa pembeni, akakimwagia maji yote kwa mara moja. Udongo mkavu hautaki haraka. Sikio la kushoto likadondoka sakafuni.

Ndivyo vile vipande vilivyokuwa mkononi mwa Christa.

– Kwa hiyo we umchonge Darius, halafu mi nimuogeshe? nikamwambia. Mi niko nani hapa, yaya?

Hakukasirika. Hilo ndilo lililonitisha.

– Ulifunua.

– Nilifunua, ndiyo. Na niliona.

– Bon. Ijumaa ni jury. Nikianguka, papa amesema hakuna mwaka ingine, naenda kukaa kwa duka ya shangazi, nauza sabuni. We jury yako ya uchoraji imepita, uko na nafasi. Utanitengenezea sikio leo. Halafu baada ya hapo kila mutu amwagie kichwa yake.

– Unaniacha?

– Tengeneza sikio kwanza.

Jamani, nimepitia mengi. Nimesoma chuo kwa kupaka rangi mabango ya saluni Bwiza, nimelipwa kwa kunyolewa, na siku moja nimelipwa kwa kusukwa. Lakini kumtengenezea sikio mwanaume anayekunyang'anya mchumba, hiyo ilikuwa mpya.

Nikamwita Darius.

– Kaa hapo. Geuza shavu.

– Kwa nini mi?

– Usijifanye. Toa sikio.

Akatoa. Nikachonga kwa hasira, na hasira ina mkono mzuri, nawaambia. Likatoka sikio safi, kila mkunjo mahali pake. Nikalibeba mpaka kwenye kichwa, nikalipachika.

Likaonekana kama kifungo cha shati kwenye koti la babu.

Christa alikuwa amekunja mikono mlangoni.

– Valéry. Sikio ya pili iko hapo hapo kwa kichwa. Mwaka wa tatu wa sanaa, na hukuona uiangalie ile?

Kweli, la kulia lilikuwapo muda wote, limesimama kama mlango ulioachwa wazi. Nikaanza upya. Nikapima, nikachonga, nikapaka uji wa udongo, nikalibana. Likakaa. Darius akapiga makofi.

– Umeona? akasema. Mi siko nayo hiyo sikio. Mi niko na ya kawaida.

Kama si Darius, basi hapa Bujumbura kuna mwanaume mwenye masikio kama sahani, na Christa anamjua mpaka nyuma ya shingo.

– Ni nani huyu?

– Toka. Nataka kumaliza uso.

Akafunga mlango kwa ufunguo. Wiki ile nilitazama masikio ya kila mwanaume wa mji huu. Nikamtumia ujumbe: "Niambie jina tu." Akasoma, kimya. "Ana kazi?" Akasoma, kimya. "Ni tajiri wa Kigobe? Ana gari?" Hilo alilijibu: "Nenda ukule, Valéry."

Ijumaa ukumbi ulijaa. Baba yake Christa alikaa mstari wa mbele na koti la harusi. Mimi nikakaa nyuma, nikatoa karatasi nimchore huyo adui atakapofunuliwa. Nikapapasa mifuko. Penseli hakuna. Nikainama chini ya kiti. Hakuna.

Monsieur Marcellin, mkuu wa jury, akasema:

– Mademoiselle, funua.

Christa akavuta kitambaa. Ukumbi ukacheka, wakageuka wote kunitazama. Nikainua kichwa.

Nilikuwa mimi. Mimi mwenyewe, nimeinama, nimekunja uso, natafuta kitu mezani, na penseli iko juu ya sikio la kushoto.

– Jina la kazi?

– "Anatafuta Penseli", Monsieur.

Darius, aliyekaa pembeni yangu, akanyoosha mkono, akachomoa penseli kwenye sikio langu la nyama, akaniwekea kiganjani.

– Iko hapa, kaka. Mi hii tabia nilikuiga we.

Mkuu wa jury hakucheka. Alivaa miwani akazunguka kile kichwa, akasimama upande wa kushoto.

– Hili sikio si la mkono wako.

Kazi yenye mkono wa mtu mwingine, jury inaweza kuitupa. Baba yake akavua kofia.

– Si la mkono wangu, Christa akasema. Kazi yote ni yangu, ila sikio ile. Ilivunjika. Akaitengeneza mwenye nayo, akifikiri ni ya mwanaume mwingine.

– Alimtengenezea sikio mpinzani wake?

– Ndiyo, Monsieur. Na alitengeneza vizuri.

Marcellin akanitazama mimi, akatazama kichwa, akanitazama tena. Wakanong'onezana na wenzake.

– Umepita, akasema. Umesema kweli bila kulazimishwa, na kisogo kile hakuna aliyekufundisha. Ila huyu mwenye sikio asikaribie tena ndoo ya atelye yangu.

Baba yake akarudisha kofia kichwani.

Nje tuliagiza mishikaki na Fanta, Darius naye akala kwa haki yake yote.

– Nisamehe, nikamwambia Christa. Mbona hukuniambia?

– Miaka mitatu mi nakaa nyuma yako kwa darasa ya kuchora. Hakuna kitu najua duniani kama hiyo kisogo. Nilitaka uione na we.

– Basi bado niko mchumba?

– Nilisema tengeneza sikio kwanza. Si umetengeneza?

Akaniwekea mshikaki wake wa mwisho. Mtu mwenye akili angekula akanyamaza.

– Lakini chérie, nikasema, tuseme ukweli. Umezidisha. Masikio yangu si makubwa vile.

– Uliyapima mwenyewe, Darius akasema.

– Nilipima la udongo. La udongo limezidi. Muulizeni mama, muulizeni kinyozi. Mi niko na masikio ya kawaida kabisa.

Christa akaweka chupa mezani, akayatazama yote mawili, moja baada ya lingine.

– Ni makubwa, Valéry. Ndiyo maana mi bado nashangaa yalishindwaje kusikia nilipokuambia usifunue.