Mwanasesere Aliyekwama Menengai

Kila Jumamosi asubuhi Joyline Nasimiyu alikuwa na kazi tatu: kununua maziwa, kuosha vyombo vya jana na kufagia banda la kuku. Ya kwanza aliifanya bila neno. Hizo mbili nyingine alizifanya kwa ncha za vidole, pua ameibana na mdomo ameupinda, kana kwamba ametumwa kumwogesha fisi. Ukoko wa ugali uliolowa ukimgusa tu kwenye kifundo cha mkono, angepiga kelele majirani wote wa pale mtaani Kiti, Nakuru, wakasikia.

"Wewe na kinyaa chako!" mama yake alisema. "Chakula ulikila wewe. Sahani imekuwa ya nani sasa?"

"Mama, inateleza!"

"Basi ishike vizuri."

Pua hiyo ya Joyline ilikuwa imeshamkosesha rafiki. Muhula wa kwanza, Fancy, aliyekaa naye dawati moja, alikuja shuleni na chupa ndogo ya mursik, yale maziwa ya kugandisha kwenye kibuyu ambayo nyanya yake alikuwa amemtumia. Alikusudia wanywe pamoja. Joyline alinusa mara moja, akairudisha chupa mbele ya darasa zima na kusema, "Aii, inanuka!" Darasa lilicheka. Fancy alifunga chupa yake polepole na hakula chochote siku hiyo. Shule zilipofungwa familia yake ilihamia mji wa Keringet, naye aliondoka bila kuaga. Joyline alipiga simu ya mama yake Fancy mara mbili. Mara zote mbili aliambiwa Fancy ana kazi.

Muhula uliofuata Mwalimu Sitati alipoanza mchezo wa mikebe katika Klabu ya Jiografia, Joyline alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Mchezo wenyewe huchezwa duniani kote. Mtu huficha mkebe mahali, kisha huandika kwenye mtandao mahali hapo palipo. Wengine huutafuta kwa simu, na wakiupata huandika majina yao katika kijidaftari kilichomo ndani. Katika mikebe hiyo huwamo pia wasafiri, yaani vitu vidogo vyenye kibati cha nambari. Anayempata msafiri humbeba hadi mkebe mwingine, na hivyo msafiri husonga mbele mkono kwa mkono.

"Nambari pekee haitoshi," Mwalimu Sitati aliwaonya. "Kule Menengai tutakakoficha mkebe wetu mtandao unasumbua, na wengine hawana bando. Kila msafiri awe na lebo inayosema anakwenda wapi. Lebo ifungwe kwenye plastiki iliyooshwa na kukaushwa. Mmenisikia? Iliyooshwa."

Akaongeza kwamba Keringet nako kuna mkebe, na wanaoutunza ni wanafunzi wa shule mpya ya Fancy. Joyline alijua papo hapo msafiri wake ataenda wapi. Alikata mkono wa sweta yake kuukuu ya shule, akaushona ukawa mwanasesere mwenye macho ya vifungo. Kwenye lebo aliandika upande mmoja, "Naenda Keringet." Upande wa pili aliandika, "Fancy, nisamehe. Joyline."

Kilichobaki kilikuwa plastiki. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, kwa hiyo kila mtu alibuni lake. Kiarie, mwanaklabu mwenzake, alikata chupa ya soda na kufunika lebo ya msafiri wake, baiskeli ndogo ya mbao iliyokuwa ikielekea Gilgil. Nyumbani kwa akina Joyline walitumia pakiti za maziwa, zilezile ambazo mama yake alipandia miche ya sukuma. Mama aliziosha kwa maji moto na sabuni, akazigeuza nje ndani, akaziangika kwenye kamba siku nzima.

Jumamosi ya safari hakukuwa na pakiti hata moja kwenye kamba. Palikuwa na ya asubuhi hiyo tu, imelala mezani na nzi wawili juu yake. Joyline alichungulia ndani. Utando wa malai ulikuwa umeganda kwenye pembe, unang'aa. Kutia vidole mle? Hata kwa kulipwa! Aliikung'uta mara moja, akatumbukiza lebo, akaikunja na kuifunga kiunoni mwa mwanasesere.

Juu ukingoni mwa kreta ya Menengai, lile shimo kubwa la volkano, mkebe wa mafuta ya kupikia ulikuwa wazi, tayari kufichwa chini ya jiwe.

"Kila mtu ameosha plastiki yake?" Mwalimu Sitati aliuliza.

"Ndiyo, Mwalimu!" waliitikia kwa pamoja. Sauti ya Joyline ilikuwemo, tena ya juu.

Walirudi baada ya wiki tatu za jua kali. Kiarie ndiye aliyefungua mkebe. Alifungua, akarusha kifuniko, akaruka nyuma karibu amwangushe Mwalimu.

Uvundo uliotoka humo sijui niuelezeje. Ulikuwa uvundo wa maziwa yaliyooza, mzito na mchachu, unaoshika kooni na kukataa kushuka. Pakiti ilikuwa imevimba. Ukungu wa kijani ulikuwa umetambaa juu ya tumbo la mwanasesere, na katika mikunjo ya sweta funza weupe walikuwa wakijinyonganyonga. Maji ya njano yalikuwa yametiririka hadi kwenye baiskeli ya Kiarie. Lebo yenyewe ilikuwa rojo.

"Aii, inanuka!" Kiarie alipiga kelele, pua ameibana. "Nani ametuwekea huu uchafu? Aki ya nani!"

Wote wakacheka na kutema mate. Joyline aliyasikia maneno hayo, na mbele ya macho yake akamwona Fancy akifunga chupa yake polepole. Uso ulimwaka.

Mwalimu Sitati alikuwa amekitoa kijidaftari kwa kijiti, akasoma kwa sauti: "Nimefika leo. Kuna mwanasesere wa sweta, mzuri, lakini lebo yake imeoza na siwezi kuisoma. Nimeogopa kumpeleka kusikotakiwa, nimemwacha. Kila Jumamosi naleta viazi Nakuru. Sasa narudi nyumbani Keringet. Kibii."

Joyline alimwomba Mwalimu amsomee tena mstari wa mwisho. Keringet! Mtu alikuwa amemshika mwanasesere wake mkononi, gari lake linaelekea kulekule, akamrudisha ndani kwa sababu ya malai ya pakiti moja.

"Labda ni panya," Wambui, mmoja wa wanaklabu, alisema. "Wameingia wakaharibu."

Ilikuwa rahisi kuitikia. Ulimi ulikuwa umeshaanza kutengeneza neno "panya". Kisha akaitazama baiskeli ya Kiarie, aliyoichonga kwa wiki mbili, imejaa ute.

"Si panya," Joyline alisema. "Ni mimi. Sikuosha pakiti. Niliona kinyaa kutia mkono ndani, halafu nikadanganya kwamba nimeiosha. Pole, Kiarie."

Hakuna aliyecheka. Kiarie alimkazia macho. "Na nani ataosha sasa?"

"Mimi."

Walimimina maji ya mtungi wa plastiki waliokuja nao, Mwalimu akampa kipande cha sabuni. Joyline alikunja mikono ya nguo. Kichefuchefu kilimpanda mara tatu, na mara ya tatu alilazimika kwenda kando ya kichaka. Alirudi. Aliwatoa funza kwa vidole vyake, akasugua mkebe kwa mchanga, akaisafisha baiskeli spoki kwa spoki. Mikono ilinuka hadi viwikoni. Wakati fulani akagundua kwamba hajabana pua, maana mikono yote miwili ilikuwa kazini.

Wiki nzima mwanasesere alifuliwa na kuanikwa. Kiarie, ambaye hasira yake haikudumu, alimkatia Joyline kipande cha chupa ya soda kwa ajili ya lebo mpya yenye maneno yaleyale. Mwalimu Sitati alimtumia Kibii ujumbe kupitia tovuti ya mchezo. Jumamosi iliyofuata klabu ilimrudisha mwanasesere mkebeni, Kibii akapanda Menengai, na safari hii lebo ilisomeka hata bila miwani.

Siku nne baadaye Mwalimu aliwaita wanaklabu waitazame simu yake. Palikuwa na picha ya Fancy ameketi mbele ya nyumba, mwanasesere kwenye paja moja na kibuyu cha mursik kwenye jingine. Chini yake Fancy alikuwa ameandika: "Joyline, amefika. Bado ananuka maziwa kidogo, lakini hapa kwetu hatumbanii mgeni pua. Nimekusamehe. Ukija utakunywa."

Joyline alicheka, kisha machozi yakamtoka.

"Sikilizeni," Mwalimu Sitati alisema. "Maziwa ya akina Fancy huwekwa kwenye kibuyu kilichosafishwa vizuri na kupakwa mkaa. Kuna mtu ameyafanyia kazi kwa mikono yake. Huo si uchafu. Uchafu ni kazi iliyorukwa, kisha ikafunikwa kwa uongo. Na mnapomkabidhi msafiri mtu msiyemjua, mwandikieni wazi anakokwenda, na mumfunge kwa usafi ambao nyinyi mngependa kumpokea nao. Mtu huyo yuko tayari kuwasaidia. Msimfanye akisie."

Jumamosi iliyofuata mama yake Joyline alitoka nje akakuta pakiti tatu za maziwa zikining'inia kwenye kamba, zimegeuzwa nje ndani, zinadondosha maji. Jikoni, Joyline alikuwa ametumbukiza mikono yote ndani ya karai la vyombo.

"Leo haitelezi?" mama aliuliza.

"Inateleza," Joyline alijibu, akiendelea kusugua. "Na inanuka pia."