Nyumba Isiyo na Mwenyewe

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kufua mashuka hospitalini, Ernestine Tolliver alimpikia mumewe uji mzito wa mahindi. Roosevelt alikuwa amestaafu kazi ya kiwanda cha magari, hapo mjini Flint. Alikula akiilaani nyumba ya jirani.

Nyumba hiyo ilikuwa tupu miaka mitano. Paa lilivuja. Panya wake walihamia kwa akina Tolliver.

"Si tuifunge madirisha?" Ernestine aliuliza.

"Mwenyewe yuko Florida. Mali ya mtu haiguswi."

Januari, bomba la nyumba ile lilipasuka. Maji yakafika kwenye msingi wa nyumba yao, yakaganda. Roosevelt akachukua spana, akaingia kuyafunga. Sakafu ilikuwa imeoza. Ikamdondosha shimoni chini ya nyumba, kwenye maji ya barafu.

Ernestine alirudi saa kumi jioni. Aliona nyayo kwenye theluji. Zilikwenda. Hazikurudi.

Baada ya mazishi alianza kufungasha vitu.

"Unakwenda wapi?" dada yake, Lurleen, aliuliza.

"Popote. Siwezi kuitazama nyumba ile."

Siku hiyo akaja jirani mgeni, Odell Whitfield, na sufuria ya kunde. Alikuwa karani wa ofisi ya ardhi ya kaunti.

"Mama Tolliver, nimetazama daftari. Nyumba ile si ya mtu wa Florida tena. Hakulipa kodi, kaunti ikaichukua."

"Lini?"

Odell akainamisha kichwa. "Mwaka juzi."

"Tungeweza kuiomba?"

"Ndiyo, mama. Jirani hufikiriwa kwanza."

Ernestine alishika meza kwa mikono miwili. Hakulia.

"Roosevelt na ubishi wake!" Lurleen alisema. "Ofisini hangekwenda hata kwa kuburutwa."

"Hatukujua, Lurleen. Hata mimi sikuuliza." Akamgeukia Odell. "Niambie la kufanya."

"Leta kitambulisho na risiti ya kodi ya nyumba yako. Andika kiwanja utakifanyia nini. Omba nyumba ivunjwe kwanza, na mtu asiingie tena humo."

Lurleen aliandika barua: kiwanja kitakuwa bustani ya mboga. Ernestine akatia sahihi, kaunti ikakubali. Mwezi Mei tingatinga likaja. Ernestine alisimama barazani mpaka shimo likafukiwa. Siku ile hakula.

Kisha Odell akawazuia kupanda. "Rangi za zamani za nyumba zina madini ya risasi, ni sumu. Pimeni udongo."

Udongo ulikuwa mbaya. Wakatengeneza masanduku ya mbao, wakajaza udongo safi. Septemba mtaa mzima ulichuma sukuma wiki hapo. Panya walikuwa wamepungua.

"Roosevelt angefurahi," Lurleen alisema.

"Roosevelt angekuwa hai." Ernestine alinyoosha kisu chake cha kuchumia mboga upande wa pili wa barabara, kwenye nyumba nyingine iliyovunjika madirisha. Watoto wawili walikuwa wakichungulia ndani.

"Ile je, nani ameiulizia?"



"Tokeni hapo!" Ernestine aliwapigia kelele watoto. Akafuta mikono, akavuka barabara kusoma namba ya mlango, ampelekee Odell.