Ua Lililohamishwa

Kila jioni ya majira ya machipuko, Marit Hoekstra alikuwa na desturi moja. Akishamaliza kula, aliosha sahani chapuchapu, akavaa buti za mpira, akachukua kamera ya mama yake na kukimbilia msituni nyuma ya shule. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na subira hakujaliwa hata chembe.

Mwaka huo, kama kila mwaka, shule ilitafuta picha moja ya ua la msituni, ichapwe kwenye bango la Matembezi ya Maua, siku ambayo mji mzima wa Fenwold hujitokeza. Sharti lilikuwa moja tu: ua lipigwe picha pale pale lilipoota. Marit aliitaka nafasi hiyo kufa na kupona. Miaka miwili mfululizo alikuwa wa pili, na kuwa wa pili kunachosha, jamani!

Jioni moja alifuatana na Wendell, mtoto wa jirani. Miti ilikuwa haijajaza majani, kwa hiyo jua la kuchwa lilipenya hadi chini na kuyapa maua rangi ya asali. Marit alikuwa ameshachagua lake: trilia moja kubwa, petali tatu nyeupe pee juu ya majani matatu. Lakini alipopiga magoti, kivuli cha kilima kilikuwa kimelifunika. Hatua tano mbele, gogo moja la zamani lilikuwa bado linang'aa kwa jua.

"Tumechelewa. Turudi kesho," Wendell alisema.

"Kesho, kesho! Wewe kila kitu kesho." Marit akalichuma ua pamoja na majani yake, akalichomeka kwenye ufa wa gogo.

"We Marit! Si ndiyo hayo yaliyokatazwa?"

"Nani atajua? Au utanichongea?"

"Mimi simo," Wendell alisema, akageukia upande mwingine.

Picha ilitoka nzuri ajabu. Ijumaa Mwalimu Dekker aliibandika ukutani na kumtangaza Marit mshindi. Darasa zima lilipiga makofi. Kisha mwalimu akaongeza, "Matembezi yenyewe ni mwezi ujao, lakini kesho jioni, Marit, wewe ndiye utakayetuongoza msituni, sisi na wazazi. Kila mtu atataka kuliona ua lenyewe."

Moyo ulimlipuka paa!

Baada ya masomo alikimbia msituni. Ua lilikuwa limenyauka juu ya gogo. Pale lilipoota palibaki kikonyo kifupi, basi. Trilia nyingine zilikuwa tele, na angeweza kuwaonyesha yoyote wasitambue. Aliliwaza hilo kwa muda, akaona haya, akarudi shuleni.

"Mwalimu, nilidanganya," alisema mlangoni, akaeleza yote. "Niliona mwanga unaniponyoka."

Mwalimu Dekker hakugomba. Aliibandua picha taratibu, na hapo Marit akaangua kilio, afadhali angegombezwa.

"Bango litapata picha nyingine," mwalimu alisema. "Lakini kesho utatuongoza vilevile."

"Niwaonyeshe nini, Mwalimu?"

"Kile kilichobaki."

Jumamosi jioni watu thelathini walimfuata Marit. Aliwapitisha kando ya maua yote yaliyochanua, akapiga magoti penye kikonyo.

"Hili ndilo lililokuwa ua langu," alisema. "Nililichuma ili nilipeleke kwenye mwanga."

Hakuna aliyecheka. Mtoto mmoja mdogo akauliza, "Litachanua tena lini?"

"Majani ndiyo yaliyokuwa yakililisha, nayo hayapo," Mwalimu Dekker alijibu. "Labda baada ya miaka kadhaa, labda lisichanue tena. Sikilizeni, wanangu. Mwanga ukikupita leo, kesho jioni utarudi wenyewe. Ua ulilolichuma halirudi kwa kuwa unalitaka. Na sifa ya uongo ni hivyo hivyo, hainyauki mkononi mwako tu, inaharibu na pale ulipoichuma. Marit amekosa, lakini amesema mwenyewe kabla hajakamatwa, na hilo nalo tulione."

Marit alichomeka kijiti kando ya kikonyo, mtu asije akakikanyaga. Wendell akaongeza cha pili.