Kikombe cha Paskalina

Nilisema mtoto alizaliwa mfu. Mungu anisamehe. Alilia.

Ilikuwa miaka ile wafanyabiashara binafsi walipoanza kupandisha malori huku kwetu Masieda kununua vitunguu saumu. Kaka yangu Felician alipata kazi ya kupakia mizigo, akawa anakaa mijini miezi mingi. Aliporudi alimkuta mkewe Paskalina ana mimba. Akapiga hesabu kichwani, akanuna.

Mimi ndiye niliyemzalisha wifi yangu. Mtoto alipotoka, mama yake alizimia. Kaka akaingia, akamtazama mtoto. "Huyu si wangu," akasema, akambana blanketi usoni. Nilisimama tu. Kisha nikamviringisha kwenye kanga, nikafunga fundo, tukamfukia nyuma ya zizi.

Kwa mila yetu ya zamani, mama aliyezaa mfu alitengwa kwa muda. Padri alikataza, lakini Paskalina tulimtenga hata muda ulipokwisha. Hakuna aliyeomba moto kwake wala kunywa kwenye kikombe chake. Felician alihamia nyumba nyingine. Tukapata mkoa wetu wa Manyara, watu wakaanza kutembea na simu, Paskalina bado yuko peke yake na mbuzi wake na ukungu. Nikipita kwenda shambani nilimsikia akiongea ndani, taratibu, kama anayembembeleza mtu ale.

"Wifi, unaongea na nani?" nilimuuliza siku moja dirishani.

"Miaka yote hii hunisalimii, leo umekuja kunihesabia wageni?"

Nikaondoka.

Asubuhi moja Felician alikutwa ghalani amekufa. Alikuwa amezibwa pumzi.

Niliwaambia polisi Paskalina ana mwanaume. Wakamkamata. Mpelelezi, kijana anaitwa Bonaventura, alichukua kikombe chake cha bati, kisha akatupitishia pamba mdomoni.

"Fungua mama, siyo dawa ya mganga," akanitania.

Akatueleza habari za DNA. Kila mtu amepewa vinasaba, nusu na baba, nusu na mama. Ukinywa, mate yako yanaviacha kwenye kikombe. Ukikwaruzwa, ngozi yako inaviacha kwenye kucha za mwenzako. Na chini ya kucha za kaka palikuwa na ngozi ya mtu.

Majibu yalitoka Dar es Salaam mvua zilipokwisha. Bonaventura alirudi bila utani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Kikombe kile wamenywea watu wawili. Paskalina na mwingine. Huyo mwingine ndiye aliyekwaruzwa na kaka yako."

"Si nilisema? Mwanaume wake."

"Mwanaume, ndiyo. Lakini ni mtoto wake wa kumzaa." Akashusha sauti. "Na baba yake ni Felician. Hakuna shaka. Mmemficha wapi huyo kijana?"

Alikuwa wake. Kumbe alikuwa wake.

Nikamwambia Paskalina alizaa mara moja tu, mfu, nikamwonyesha tulipomzika. Wakafukua nyuma ya zizi. Kanga waliipata, imeoza pembeni. Fundo langu lilikuwa limekaza vilevile. Wakaikata kwa kisu. Ndani hapakuwa na kitu. Hata kijifupa.

Sasa wanasema Paskalina alimficha mwanawe akamlea kwa siri, kisha akamtuma amuue baba yake. Wifi yuko mahabusu, kijana hajapatikana. Aliyeona mtoto akifa ni mimi tu niliyebaki, na mpaka leo sijasema, kwa kuogopa jela. Nasali rozari, siimalizi. Majirani wameacha kuja. Chai naipika ya mtu mmoja.

Ukungu ukishuka mzito asubuhi, mlango wangu unagongwa. Taratibu.

Nauliza, nani?

Unagongwa vilevile.

Nauliza tena. Nasikia pumzi tu.

Hatukumbatiza. Hatukumpa hata jina la kujibu.

Nataka kwenda polisi Mbulu nikaseme yote, wifi yangu atoke. Lakini kuufungua mlango huu nikiwa peke yangu siwezi. Wewe unayesoma, ukipanda huku kwetu, naomba uje unisindikize. Ila kabla ya kugonga, taja jina lako.