Bakuli la Bi Mwanakuu

Nazi aliyoichagua Taib ilikuwa kubwa, duara, haina nywele nyingi, tena imeoza. Yeye hakujua. Ilikuwa Jumamosi saa tatu asubuhi, soko la Mwembe Tayari limejaa pomoni, wapagazi wanampigia kelele awapishe, mwuza ndimu anamsukuma kwa kiwiko, naye amesimama na nazi yake mkononi kama mtu aliyenunua mpira. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi na kofia nyeupe safi, na kikapuni mwake mlikuwa na kilo tatu za nyanya. Kila baada ya dakika moja aliitazama saa.

"Hiyo imeoza, kaka."

Aligeuka. Nyuma yake alisimama mwanamke wa miaka ishirini na kitu, dera la manjano, leso nyekundu imekazwa kiunoni, na mkononi ameninginiza buti nyeupe za mpira kama wazivaazo watu wa samaki.

"Umejuaje nawe hujaishika?"

Mwanamke yule aliichukua nazi, akaisogeza karibu na sikio la Taib, akaitikisa. Kimya. Akaokota nyingine, ndogo, imejaa nywele, akaitikisa pia, na maji yakacheza ndani.

"Wasikia? Hii ina maji, ni nzima. Hiyo yako imekufa kitambo. Mkeo akiivunja, ataimalizia kichwani mwako."

"Sina mke."

"Basi mamako."

"Mama hawezi. Atakayeivunja ni mimi."

Akamwangalia vizuri sasa, kutoka kofia mpaka kikapu. "Na nyanya zote hizi? Una harusi?"

"Ni za watu wawili," alisema Taib, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi akacheka.

Mwanamke huyo aliitwa Kache. Kwao Kaloleni, Mgiriama, ukoo uliosilimu tangu enzi za babu yake, na kazi yake ilikuwa kupima samaki Liwatoni, kwenye bandari ya wavuvi. Alirudisha kilo mbili za nyanya kwa mwenyewe, akabishana naye mpaka akakubali, akamnunulia Taib kunde kavu, mafungu mawili ya mchicha na kitunguu. Vyote hivyo havikufika hata bei ya sahani moja ya biriani hotelini.

"Hivi utakula siku tatu. Nani atakayekupikia?"

"Mimi."

"Wajua kupika?"

"Najua kuchemsha chai."

Kache alimpa namba yake ya simu kwa huruma. Hivyo ndivyo alivyojiambia mwenyewe.

Taib alirudi Mji wa Kale mbio, kwa maana saa yake moja ilikuwa imekwisha. Alikuwa na saa moja tu ya kutoka, Jumamosi, pale jirani yao Bi Aida alipokuja kukaa na mamake, Bi Mwanakuu. Siku nyingine sita hakutoka. Miezi saba iliyopita Bi Mwanakuu alipigwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa ganzi. Siku moja Taib alikwenda msikitini kuswali Magharibi, aliporudi akamkuta ameanguka chini karibu na mlango wa choo, amekaa pale hajui ni muda gani. Tangu siku hiyo aliswali nyumbani. Kazi yake ya ofisini Mbaraki aliigeuza ya nyumbani, akajaza fomu za mizigo kwenye kompyuta mezani, na dirisha lililokuwa mbele yake lilitazama ukuta wa jirani, hatua mbili tu. Asubuhi ukuta, adhuhuri ukuta. Dada yake wa pekee alikuwa ameolewa Muscat na alikuwa akituma salamu.

Tena Bi Mwanakuu hakula chakula cha kununua. "Chakula cha hotelini sijui mkono wake," alisema. Jamaa walileta sahani wiki za mwanzo, kisha wakapungua, kisha wakaacha. Taib, ambaye jikoni aliingia kutafuta maji tu, akabaki na mama mwenye njaa na jiko alilolijua kwa chai tu. Alimpenda mamake, na kuna siku alimchukia kwa dakika nzima, kisha akatubu.

Kila siku saa tano, Kache alipopata mapumziko, simu ililia. Taib aliitia spika, akaiegemeza kwenye kopo la chumvi.

"Haya, mpishi wangu. Wapika nini leo?"

"Kunde."

"Ulizirowesha usiku?"

"Kuzirowesha?"

"Ya Rabi! Basi leo mtakula Alasiri. Zibandike. Nazi umekuna?"

"Nimekuna, na kidole pia nimekikuna."

"Pole, habibi wa watu. Sasa sikiza. Ukikamua mara ya kwanza, hilo tui zito liweke kando. Kamua tena kwa maji, hilo jepesi ndilo lichemshe na kunde. Zito litie mwisho, moto mdogo, na ukoroge, usiliache hata kidogo."

"Nimelitia tayari."

"Lipi?"

"Lote."

Taib aliikodolea sufuria macho. Tui lilikuwa limekatika, madonge meupe yanaelea juu ya maji.

"Laonekanaje?" aliuliza Kache.

"Baya."

Kache alicheka mpaka wenzake wa Liwatoni wakamwuliza kulikoni. Taib naye alicheka, na chumbani, ng'ambo ya ukumbi, Bi Mwanakuu aligeuza uso kuelekea mlango.

Wiki zikaenda. Taib alijifunza kupika wali usioshika chini, mbaazi za nazi, sima laini aliyoweza kula mgonjwa, mchuzi wa samaki wadogo ambao Kache aliwapata kwa bei ya chini jioni kazi ikiisha. Kila Jumamosi walikutana sokoni kwa dakika arubaini, naye alihesabu siku sita za katikati kama mfungwa. "Mwalimu" likawa "mpenzi," na "mpishi wangu" likapoteza neno la kwanza, likabaki "wangu."

"Lini utanionyesha jiko lenyewe?" Kache aliuliza siku moja. "Nalijua kwa masikio tu."

"Mama hajapata nafuu."

"Siji kumbeba. Nakuja kumjulia hali."

"Inshallah," alisema Taib, kwa sauti ile ambayo kila mtu wa Mombasa anajua maana yake.

Kuna jambo lililomkaba. Miaka kumi nyuma, binamu yake Sabir alipotaka kuoa binti wa Kigiriama, Bi Mwanakuu alisema mbele ya watu, "Sisi hatuozani na watu wa huko." Taib alilisikia kwa masikio yake. Hakulisahau, wala hakuwahi kumwuliza mamake kama bado ndilo neno lake. Aliogopa jibu, kwa sababu mama asiyeweza kunyanyuka kitandani huwezi kugombana naye, na huwezi kumwacha.

Alhamisi moja mlango ukabishwa. Mlango wa nyumba yao ulikuwa wa pande mbili, Taib akafungua upande mmoja. Alikuwa Kache, buibui jeusi, harufu ya udi, na mikononi bakuli la bati lenye maua lililofunikwa kwa kitambaa.

"Nimeomba ruhusa kazini. Nimewapikia mtsunga wa nazi, mboga ya majani ya kwetu. Ni mchungu kidogo, lakini wagonjwa waupenda."

"Ahsante, mpenzi." Taib alilipokea bakuli pale pale kizingitini.

Kache alingoja. Alitazama juu ya bega lake, ndani, kwenye kiza cha ukumbi. "Hunikaribishi?"

"Mama amelala," alisema Taib. Kutoka chumbani kikasikika kikohozi cha mtu aliye macho kabisa.

Kache alitabasamu kwa shida, akaenda zake.

Bi Mwanakuu aliula mtsunga wote. Alikula polepole kwa mkono wa kushoto, hakusema umetoka wapi, akafuta bakuli kwa kipande cha mwisho cha sima. Taib alifurahi mno. Aliliosha bakuli lile kwa sabuni, akalisugua kwa majivu mpaka likang'aa, akalifunga kwa gazeti, na Jumamosi akampa Kache sokoni kwa mikono miwili.

Kache alifungua gazeti. Alilitazama bakuli ndani, akalitazama tena kama aliyepoteza kitu humo.

"Tupu," alisema.

"Nimelisugua kwa majivu."

"Naona." Alilifunga gazeti upya, taratibu. "Ahsante, Taib." Hakuita jina la mapenzi. Akapotea katikati ya vikapu vya ndimu.

Jumatatu saa tano simu haikulia. Taib alipiga, ikaita mpaka ikakata. Jumanne vile vile. Jumatano alituma ujumbe, "Nimekosa nini?" na Kache akajibu kwa mstari mmoja: "Mlango nimeuona, na bakuli nimeliona. Inatosha." Wali ukaungua. Ukuta wa dirishani ulikuwa pale pale, na sasa ulimwia Taib karibu zaidi, kama unasogea. Alitamani kukimbilia Liwatoni, lakini Bi Aida angekuja Jumamosi tu, na leo ni Jumatano. Alikaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akalia kwa sauti ndogo.

"Taib!" Bi Mwanakuu aliita. Taib aliingia chumbani kwake akipangusa uso.

"Wali umeungua."

"Nisamehe, mama. Nitapika mwingine."

"Yuko wapi yule mwalimu wako?" Maneno yake yalitoka mazito tangu ugonjwa, moja moja. "Simu yako yapiga kelele. Mimi nimekufa mkono, sikufa masikio. Miezi mitatu nasikia kunde na tui. Siku hizi kimya."

Taib alikaa chini. Alimweleza yote, mtsunga, mlango, kikohozi, bakuli.

"Ulilirudisha na nini ndani?"

"Hapana kitu. Lilikuwa safi kabisa."

Bi Mwanakuu alifumba macho. "Haya ndiyo makosa yangu. Nilikuwa namtuma dadako na sahani za watu, wewe nikakuacha na vitabu. Mwanangu, chombo cha mtu hakirudi mikono mitupu. Hata sukari, hata ndimu mbili, hata majani ya chai. Umerudisha tupu umemwambia asilete tena, hatumtaki. Umemfungia mlango, kisha ukamwambia na sababu."

"Sikujua."

"Na ndani kwa nini hukumwingiza?"

"Ulisema hatuozani na watu wa huko. Harusi ya Sabir."

"Nililisema?"

"Ulilisema, mama."

Bi Mwanakuu aligeuza uso ukutani. "Nilikuwa nimegombana na mamake Sabir juu ya mambo mengine kabisa, na nilitaka kumwumiza. Lilikuwa neno baya. Mimi nimelelewa Takaungu, Taib, jirani na Wagiriama. Huo mtsunga nimeula kabla hujazaliwa. Ulidhani nimelamba bakuli kwa njaa?"

"Miaka kumi nimelibeba neno hilo."

"Ungeniuliza."

"Nilikuogopa."

"Mimi ndiye niliyekuogopa wewe," alisema Bi Mwanakuu. "Kila siku nakusikia umefungika hapa kwa ajili yangu. Nikasema akipata mke ataondoka, nitabaki na ukuta. Kwa hiyo nikanyamaza. Sasa nyanyuka. Fungua kabati, toa bakuli langu la kauri, lile la harusi yangu."

"Hilo halitoki nje, mama."

"Leo latoka. Pika mbaazi, jaza, umpelekee. Yeye ni mtu mwenye adabu, atalirudisha. Mwite Aida. Akikataa, nitakaa peke yangu."

Bi Aida hakukataa. Alisema alikuwa akingoja kuombwa siku zaidi ya Jumamosi tangu mwaka jana.

Alasiri Taib alifika Liwatoni jasho likimtoka, kofia imekaa upande, bakuli la kauri limefungwa kwa leso kifuani mwake. Kache alikuwa mezani kwa mizani, buti nyeupe, magamba ya samaki mpaka viwikoni. Alimwona, akaendelea kuandika.

"Leo si Jumamosi," alisema.

"Najua."

"Nani yuko na mamako?"

"Bi Aida. Kache, sikujua mambo ya bakuli. Wallahi sikujua. Mama amenieleza leo, nimetamani ardhi inimeze."

"Na mlango? Huo nao hukuujua?"

"Huo niliujua. Niliogopa kumwuliza mama juu yako, nikaona ni rahisi kukudanganya wewe. Hukustahili. Nakupenda, na nimekutendea kama mwizi mlangoni."

Kache alinawa mikono bila haraka. Alifungua leso, akaliona lile bakuli la maua ya buluu na ukingo wa dhahabu uliofifia, akaelewa ni la nani. Alichota mbaazi kwa kidole.

"Chumvi hakuna."

"Nilikuwa nalia."

Alicheka kabla hajataka kucheka, kisha akajipangusa jicho kwa mkono wa dera. "Sikiza, Taib. Mimi siwezi kuja kufungwa humo ndani pamoja nawe. Nikiolewa, naja kuwa mkeo, siji kuwa mpishi wa nyumba. Kazi yangu siachi. Jikoni tutapokezana. Na wewe utarudi Mbaraki hata siku mbili kwa wiki, Bi Aida alipwe akae na mama. Unanisikia?"

"Nakusikia. Nije Kaloleni kwa posa?"

"Kwanza nirudishe bakuli la watu," alisema Kache.

Ijumaa baada ya swala mlango ukabishwa. Taib alitoa komeo la juu na la chini, akafungua pande zote mbili, na jua likaingia ukumbini mpaka kwenye mguu wa kitanda cha mamake. Kache alisimama kizingitini, dera la manjano, bakuli la kauri mikononi.

"Nani?" aliita Bi Mwanakuu.

"Kache, mama."

"Bakuli langu li tupu?"

Taib alichungulia. Ndani mlikuwa na fungu la mtsunga mbichi, bado una mchanga mizizini, na juu yake nazi moja ndogo yenye nywele. Kache aliichukua nazi, akamtikisia sikioni, na maji yakacheza.

"Si tupu, mama," alisema Taib. "Lakini leo napika mimi."

"Basi na aingie," alisema Bi Mwanakuu. "Na mwambie akuangalie chumvi."